Kinachoungua na Kinachounguza

Joto na baridi ndani ya gari hutoka katika asili mbili zisizofanana, kwa kuwa joto huletwa na maji yaliyopita kwenye injini na baridi huletwa na gesi inayobanwa na kompresa, lakini yote mawili humfikia abiria kwa njia moja tu, nayo ni upepo wa feni iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Feni hiyo, ambayo katika magari ya usukani wa kulia huwa upande wa abiria wa mbele, ni gurudumu la plastiki lenye vipapi vyembamba vilivyopangwa kwa mduara na kuzungushwa na mota ya volti 12. Hewa huingia katikati ya gurudumu, ikatupwa pembeni, ikapita kwenye evapareta, yaani rejeta ndogo ya baridi, kisha kwenye rejeta ndogo ya hita, kabla ya kutokea kwenye matundu ya dashibodi, miguuni au chini ya kioo cha mbele. Feni ikinyamaza, kompresa iliyo nzima na injini iliyopata moto barabara hazimfai chochote aliyeketi ndani.

Waundaji wa mwanzo walilitambua jambo hili mapema kuliko wengi wanaoyatengeneza magari leo. Kampuni ya Nash ya Marekani ilipotoa hita yake ya mwaka 1938, upya wake haukuwa kwenye joto, kwani hita za maji ya injini zilikwisha kuwapo, bali kwenye hewa, kwa sababu ilivuta hewa safi kutoka nje, ikaipasha moto na kuisukuma ndani. Packard, kampuni nyingine ya huko huko, ilipotangaza kiyoyozi cha kiwandani mwishoni mwa mwaka 1939, iliweka mitambo ya baridi nyuma ya gari na kompresa isiyo na klachi, yaani isiyoweza kutenganishwa na injini ikiwa inazunguka, hivyo aliyetaka kuizima kabisa alilazimika kufungua boneti na kuvua mkanda. Kilichobaki mkononi mwa dereva ni swichi ya feni peke yake, na kiasi cha baridi kilichomfikia kilitegemea kiasi cha upepo alichochagua. Mwaka 1954 Nash ikaunganisha hita na kiyoyozi katika mfumo mmoja ulio mbele ya gari, na ni mpangilio huo ambao, pamoja na mabadiliko mengi ya baadaye, umo katika magari yanayopita leo Morogoro, Nakuru na Mbarara.

Sehemu kubwa ya magari hayo yaliingia Afrika Mashariki yakiwa yamekwisha kutumika Japani, na Kenya, ambayo imeweka ukomo wa miaka 8 kwa gari linaloingizwa, bado hupokea magari ambayo feni zake zimezunguka majira ya baridi na majira ya joto ya miaka saba. Kisha huanza maisha ya pili katika joto la pwani na vumbi la bara, ambako feni haipumziki. Si ajabu basi kwamba hitilafu zake ni nyingi. Ajabu ni kwamba mara nyingi hazitambuliwi kuwa ni zake, kwa sababu mwenye gari hufika gereji akisema kwamba AC haina baridi, na fundi, kabla ya kuuliza lolote, hujibu kwamba gesi imekwisha.

Hapa ndipo kosa la kwanza linapofanyika, na ni kosa la kuchanganya upepo na ubaridi. Hewa ikitoka kwa wingi lakini ikawa vuguvugu, shaka yaelekezwe kwenye gesi, kompresa au kondensa. Ikitoka baridi lakini kidogo, au isipotoka kabisa, gesi haina hatia mpaka feni na njia ya hewa zichunguzwe. Katika magari mengi ya Japani kompresa hairuhusiwi hata kuwaka iwapo swichi ya feni imezimwa au mzunguko wake wa umeme umekatika, kwa hiyo hitilafu ya feni inaweza kuonekana kama kifo cha mfumo mzima. Isitoshe, mita ya gesi yenyewe huweza kumpotosha fundi mwaminifu. Gesi ya R-134a ikiwa kwenye nyuzi 0 za Selsiasi huwa na mgandamizo wa takribani bar 2 juu ya ule wa hewa ya kawaida, na evapareta inayopitiwa na upepo hafifu hupoa kupita kiasi, huanza kuganda barafu, na mgandamizo wa upande wa chini hushuka kana kwamba gesi imepungua. Fundi huongeza gesi juu ya gesi iliyokuwa inatosha, upande wa juu huzidiwa, kompresa hulemewa, na gurudumu la plastiki lililojaa vumbi hubaki pale pale likiwa limemgharimu mwenye gari fedha mara mbili.

Hitilafu ya feni inayojulikana kuliko zote ni ile ya kufanya kazi kwenye kasi ya juu tu, huku kasi ya kwanza, ya pili na ya tatu zikiwa kimya. Maelezo yake yamo katika rizista, kifaa kidogo chenye koili za waya au kibao cha kauri ambacho kazi yake ni kuuzuia mkondo wa umeme kwa kiwango maalumu. Dereva anapochagua kasi ya chini, umeme hupitishwa kwenye koili zote. Anapopandisha, baadhi ya koili hurukwa. Na anapofika kasi ya juu, umeme hauipitii rizista hata kidogo bali huenda moja kwa moja kwenye mota. Kwa sababu hiyo rizista iliyokatika huacha kasi moja tu ikiwa hai, na fundi yeyote wa umeme wa magari huijua dalili hiyo kwa kusimuliwa tu.

Rizista haitunzi umeme inaouzuia, bali huugeuza kuwa joto. Ikiwa ukinzani wake, yaani uwezo wake wa kuzuia mkondo, ni omu 2, na mkondo unaopita ni ampea 4.5, basi volti 9 kati ya 13.5 zinazotoka kwenye alteneta huishia hapo, mota ikabakiwa na volti 4.5, na takribani wati 40 hupotea kama joto, kiasi kinacholingana na chuma cha fundi redio cha kuyeyushia risasi. Chuma hicho kimewekwa ndani ya sanduku la plastiki. Waundaji walifanya hivyo kwa makusudi, kwa kuwa rizista hupachikwa ndani ya mkondo wa upepo wa feni ile ile inayoidhibiti, ili ipozwe na kazi inayoisimamia, na nyingi huwekewa kiungo kinachokatika joto likizidi kiwango, kabla sanduku halijashika moto. Ni usanifu wenye akili, lakini una sharti moja, kwamba upepo usipungue.

Rizista inapoungua, basi, swali linalostahili kuulizwa si kama imeungua, maana hilo linaonekana kwa macho, bali ni nini kilichoiunguza. Na swali hili ndilo linaloachwa. Duka la vipuri la Gerezani jijini Dar es Salaam au la barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi halitakosa rizista ya gari linalopatikana kwa wingi, kuibadilisha ni kazi ya skrubu mbili na soketi moja, kasi zote nne hurudi, mteja hufurahi na kulipa. Baada ya miezi michache hali hujirudia, na lawama huangukia kipuri kwamba kilikuwa bandia. Kipuri bandia kipo, tena kingi, lakini mara nyingi rizista ya pili imekufa kwa sababu ile ile iliyoiua ya kwanza.

Sababu hiyo hukaa kwenye mota, na kuielewa kunahitaji kujua tabia moja ya mota ambayo haionekani kwa macho. Mota inapozunguka, koili zake hukata nguvu ya sumaku na kuzalisha volti yao wenyewe, iliyo kinyume na ile inayoiendesha. Kadiri inavyozunguka kwa kasi ndivyo volti hiyo pinzani inavyokua na mkondo unaoingia unavyopungua. Ukinzani wa waya za mota pekee ni mdogo, chini ya omu 1, kwa hiyo kinachouzuia mkondo usifurike ni mzunguko wenyewe. Bushi, yaani kikombe cha madini kinachoshika ekseli ya mota, ikikauka mafuta, au ekseli ikiliwa na kuanza kuyumba, mota huzunguka polepole kuliko inavyopaswa, volti pinzani hushuka na mkondo hupanda. Ikikwama kabisa kwenye kasi ya kwanza ya mfano uliotajwa, mkondo hufika ampea 6 hivi, joto la rizista hupanda kutoka wati 40 hadi karibu 70, na wakati huo huo upepo uliokuwa ukiipoza haupo tena. Hivyo rizista huzidiwa na moto na kunyimwa upepo kwa pamoja, na haina pa kukimbilia.

Mota huwa imetoa taarifa mapema kwa anayesikiliza. Mlio mwembamba wa asubuhi unaopotea baada ya dakika chache ni sauti ya bushi iliyokauka, na tone la mafuta litaunyamazisha kwa muda bila kurudisha madini yaliyokwisha kulika. Mtikisiko unaoongezeka kadiri kasi inavyoongezeka ni gurudumu lisilo na ulinganifu, pengine kwa sababu ya jani la mwarobaini au la mwembe lililoingia kupitia matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele, au maganda yaliyoletwa na panya katika gari lililoegeshwa muda mrefu; na mtikisiko huo, ukiachwa, ndio unaoila bushi. Feni inayoamka dashibodi ikipigwa kwa ngumi ina kaboni zilizokwisha, yaani vile vipande viwili vinavyosuguana na pete ya shaba ili kupeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, na pigo hilo huzigusanisha tena kwa kitambo. Kaboni huweza kubadilishwa na fundi stadi anayejua kuchonga zinazokaribiana kwa ukubwa na ugumu, na ufundi huo, ambao vijana wengi wa gereji hawaufundishwi tena kwa sababu mota ya mtumba hupatikana kwa urahisi, unastahili heshima kubwa kuliko unayopewa.

Upande wa hewa nao una jambo linaloelezwa vibaya mara kwa mara. Husemwa kwamba kichujio cha hewa ya ndani, ambacho kwa kawaida hukaa nyuma ya kisanduku cha dashibodi, kikiziba huilemea mota mpaka ikaungua. Kwa feni ya aina hii ukweli ni kinyume, kwa sababu kazi yake ni kurusha hewa, na hewa ikikosekana gurudumu huwa jepesi, huzunguka kwa kasi zaidi na kuvuta mkondo mdogo zaidi. Madhara ya kichujio kilichoziba huja kwa njia nyingine, kwamba rizista na mota yenyewe hupozwa na hewa hiyo hiyo, na vitu viwili vinavyotegemea upepo huachwa vikijipika taratibu. Tofauti hii si ya wasomi tu, kwa kuwa fundi anayeamini kwamba kuziba huongeza mzigo atapima mkondo, ataukuta uko chini, naye ataondoka akiwa ameridhika kwamba njia ya hewa ni safi. Vumbi linaloganda ndani ya mkunjo wa vipapi vya gurudumu nalo hupunguza upepo kwa kiasi kisichotarajiwa, na kulisafisha kwa brashi na maji ya sabuni, gurudumu likiwa limevuliwa kutoka kwenye mota, ni uboreshaji wa bei ndogo kuliko wote unaoweza kufanywa kwenye gari kuukuu.

Kati ya swichi na mota kuna soketi, waya na kiungo cha kurudisha umeme kwenye bodi ya gari, na hapo ndipo kipimo cha haraka humdanganya mpimaji. Desturi ni kuchomoa soketi ya mota, kuweka ncha za mita, kusoma volti 12 na kutangaza kwamba umeme unafika, kwa hiyo mota ni mbovu. Lakini mita haivuti mkondo wowote wa maana, na ukinzani haumezi volti pasipo mkondo kupita. Pini iliyoshika kutu yenye ukinzani wa omu 0.2 tu haitaonekana kabisa katika kipimo hicho, ilhali ampea 20 zikipita humeza volti 4 na kuzalisha wati 80 za joto kwenye kipande cha plastiki kinachotosha kushikwa kwa vidole viwili. Soketi zilizoyeyuka na kuwa nyeusi, zinazoonekana kila wiki katika gereji, ni matokeo ya hesabu hiyo. Kipimo cha kweli hufanywa feni ikiwa inazunguka, ncha moja ya mita ikiwa mwanzo wa waya na nyingine mwisho wake, na volti zinazosomwa hapo ni zile ambazo njia imezila. Mota za kisasa zaidi zenye kidhibiti ndani yake, zinazotambulika mara nyingi kwa pini tatu, zinahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu hazizunguki kwa kuunganishwa na betri tu bila ishara ya kompyuta ya AC, na nyingi zimetupwa zikiwa nzima.

Kupima namna hiyo huchukua muda, na muda huo haulipwi. Mteja yuko tayari kulipia kipuri anachoweza kukishika, lakini akiambiwa kwamba fundi ametumia saa nzima kugundua kwamba waya wa kwenye bodi umelegea, huona ametozwa kwa kukazwa nati moja. Katika mazingira kama haya fundi mwenye maarifa hufundishwa na soko lenyewe kubadilisha badala ya kuchunguza, na uchungu wa jambo hili ni kwamba anayeumia zaidi ni mwenye gari lile lile aliyekataa kulipia uchunguzi. Mteja anayekubali kulipia utambuzi wa hitilafu hata pasipo kipuri kununuliwa, na fundi anayemwonyesha mteja namba kwenye mita kabla ya kufungua chochote, hufanya zaidi kwa ajili ya ufundi wa nchi zetu kuliko mabango mengi ya mafunzo.

Yapo pia matengenezo yasiyopaswa kuitwa hivyo. La kwanza ni kuunga dairekti, yaani kuziunganisha waya za rizista ili umeme uiruke, jambo linaloifanya feni izunguke kwa kasi ya juu wakati wote na kuisukumia swichi mkondo mkubwa katika nafasi ambazo hazikuundwa kuubeba. La pili, lililo baya zaidi, ni kuongeza ukubwa wa fyuzi au kuikunjia waya wa shaba kwa sababu ile ya asili inakatika kila mara, ilhali fyuzi inayokatika ndiyo sehemu pekee ya mfumo iliyosema ukweli. Uboreshaji wa kweli hufuata njia nyingine. Katika magari ya zamani ambayo mkondo wote wa kasi ya juu hupita kwenye swichi, rilei, yaani swichi ya sumaku inayoruhusu mkondo mdogo uamuru mkondo mkubwa, huweza kuwekwa karibu na mota na kulishwa kwa waya wa milimita 4 za mraba wenye fyuzi yake, na mara nyingi feni hupata volti moja au mbili ambazo hazijaifikia kwa miaka. Ongezeko hilo husikika usoni, bila kipuri kingine chochote kununuliwa.

Wakazi wa pwani wanaweza kuishi miaka bila kuigusa hita, lakini upepo wa kwenye kioo unawahusu nao, ingawa kwa namna iliyo kinyume na ya wenzao wa nyanda za juu. Umande hujitokeza pale ambapo kioo kina ubaridi zaidi kuliko kiwango ambacho hewa inayokigusa inaweza kushikilia mvuke wake. Usiku wa mvua Tanga au Mombasa, feni ikielekezwa kioo cha mbele AC ikiwa kali, kioo hupoa na umande hutanda upande wa nje, na dereva anayefuta kwa kitambaa upande wa ndani hatafanikiwa kamwe. Anachohitaji ni waipa na kuihamisha hewa baridi kutoka kwenye kioo. Asubuhi ya Limuru au Njombe mvuke ni wa pumzi za abiria na umande uko ndani, na tiba yake ni AC na hita kwa pamoja, hewa ikivutwa kutoka nje, ili evapareta iukamue unyevu na rejeta ya hita iipashe moto hewa iliyokauka. Madereva wengi huamini kwamba kuwasha vyote viwili ni kupoteza mafuta bure, ilhali mfumo uliunganishwa kwa ajili ya kazi kama hiyo.

Hita inayokataa katika nyanda hizo mara nyingi iliharibiwa mbali na hapo. Katika miji ya joto ni kawaida kuitoa thamostati, yaani mlango unaoyazuia maji ya injini yasiende kwenye rejeta kubwa mpaka yafikie nyuzi 82 au 88, kwa imani kwamba injini itapoa vizuri, na ni kawaida pia kujaza maji matupu ya bomba badala ya kulanti, yakaacha kutu inayoziba mirija myembamba ya rejeta ya hita, au kuikata rejeta hiyo kwenye mzunguko kwa kuunganisha mipira yake miwili ilipovuja. Gari kama hilo likipanda kwenda Makete mwezi wa Julai, feni hupuliza kwa nguvu zake zote hewa isiyo na joto, na mwenye gari huagiza feni mpya. Uchunguzi wake huanzia kwenye injini iliyokwisha kuendeshwa robo saa, kwa kugusa kwa tahadhari mipira miwili ya hita inayopenya ukuta wa injini: yote miwili ikiwa moto, kasoro iko kwenye mlango unaochanganya hewa ndani ya sanduku, mmoja ukiwa moto na mwingine baridi, rejeta ya hita imeziba, na yote miwili ikiwa vuguvugu, kwanza litazamwe kasha la thamostati, kwani huenda ni tupu.